Maikrowevu Mbili Jikoni kwa Bibi

Shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto, aliamini kwamba maikrowevu zote ni kitu kimoja, tena aliamini kwa sauti kubwa. Alifika na ya kwake nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, ikiwa imefungwa kamba za manila nyuma ya bodaboda: ndogo, nyeupe, ya mtumba, imeshushwa kutoka kontena la vyombo vya Uingereza. Juma lilelile ulifika mzigo wa wifi yetu aliyeko Muscat, na ndani yake, katikati ya mablanketi na makopo ya halua, mlikuwa na maikrowevu nyingine, kubwa, nyeusi, mpya, yenye feni mgongoni na kichanja cha chuma cha kuchomea nyama. Basi jiko lililozoea seredani na gesi likapata maikrowevu mbili kwa mpigo, mwezi wa Shabani, Ramadhani ikibisha hodi.

Mwenye jiko ni mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi tangu watoto wazaliwe. Alisimama mlangoni na ushungi wake, akazitazama zote mbili, asiingie.

“Mwanangu,” akaniambia, “mkaa naujua, gesi naijua. Hiki kisicho na moto kinapikaje? Na huko mtaani wanasema kinakausha damu.”

“Mama, damu haikauki,” Shemeji akadakia. “Unaweka, unabonyeza, kinanguruma kidogo, unakula. Na hizi mbili ni mamoja tu, ila ya dada imevalishwa suti.”

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na swali la Bibi lilinifurahisha kuliko jibu la Shemeji. Kuuliza joto linatoka wapi ndiyo fizikia yenyewe. Lakini kabla sijafungua mdomo, Shemeji alikwisha chomeka plagi.

Alitaka kuonyesha kwa vitendo. Akafungua kabati la vyombo, akatoa kikombe cha kaure chenye mstari wa dhahabu ukingoni, kimoja katika seti aliyotunzwa Bibi siku ya harusi yake. Akamimina chai ya maziwa iliyopoa, akakiweka ndani ya ile nyeupe, akabonyeza. Haukupita muda, ndani kukaanza kualika. Cheche za buluu zilikimbia ukingoni mwa kikombe, zikizunguka pamoja na sahani ya kioo, na harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Nilichomoa plagi. Mstari wa dhahabu ulikuwa umekatikakatika, mahali pengine mweusi, mahali pengine umetoweka kabisa. Chai yenyewe ilikuwa vuguvugu.

Bibi alikishika kikombe kwa pindo la kanga, akakifuta taratibu, akakirudisha kabatini, upande ulioungua ukielekea ukutani. Hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba hakuna atakayebonyeza chochote jikoni mwake mpaka yeye aelezwe, aelewe.

Tukaketi ukumbini baada ya Isha. Nilianza na dhahabu, kwa sababu ndiyo iliyomuuma. Mawimbi ya maikrowevu yakigusa metali husukuma umeme juu ya uso wake. Kuta za ndani za chombo ni bati nene, laini. Umeme huo hupita bila taabu na mawimbi hurudishwa katikati, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mstari wa dhahabu wa kikombe ni utando mwembamba mno. Umeme ukipita hapo utando hupata moto, hupasuka, na kwenye kila mpasuko umeme huruka hewani. Hizo ndizo cheche. Meno ya uma na mikunjo ya karatasi ya alumini huleta balaa hilohilo, kwani umeme hujikusanya kwenye ncha.

“Na hayo mawimbi,” Bibi akauliza, “ndiyo ile miale ya hospitali?”

Siyo. Mawimbi haya ni ya ukoo mmoja na yale yanayoleta redio na simu. Yanatikisika mara bilioni 2.45 kwa sekunde, yaani megahezi 2,450, namba ambayo mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko cha mgongoni, na urefu wa wimbi moja ni sentimita 12 na ushei. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni na kuharibu chembe za uhai. Wimbi la maikrowevu halina nguvu hiyo. Kazi yake ni kupasha joto, basi. Ukizima, yanakoma papo hapo, na hakuna kinachobaki ndani ya chakula. Lililo kweli ni kwamba mtu akipigwa nayo moja kwa moja naye atapashwa, na jicho litaumia mapema, ndiyo maana kioo cha mlango kina wavu wa chuma wenye vitundu vya milimita moja au mbili. Mwanga, ambao mawimbi yake ni mafupi kupita kiasi, hupenya tukaona chakula kikizunguka. Wimbi la sentimita 12 halipiti.

Bibi aliinuka, akaenda jikoni, akaweka uso karibu na kioo kilichozimwa na kuvitazama vitundu vile kwa miwani yake ya kusomea. Aliporudi akasema niendelee.

Joto lenyewe huanzia kwenye maji ya chakula. Kila molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo. Mawimbi yanapobadili mwelekeo, molekuli nazo hutaka kugeuka ziyafuate, zikigongana na jirani zao, mithili ya abiria waliobanana kwenye pantoni wakiamriwa wageuke kushoto, kulia, kushoto, bila kupumzishwa. Kule kugongana ndiko joto. Sahani kavu haina maji, kwa hiyo haipati moto ila ule inaoazima kwa chakula. Na wale wasemao maikrowevu huivisha kuanzia katikati wamekosea: mawimbi huingia sentimita mbili tatu hivi, yakidhoofika kila yanapozidi kwenda, na cha ndani zaidi hungoja joto litambae lenyewe mpaka kukifikia.

Alipotaka kujua nani aliyefikiria jambo hili, nikafika ninapopapenda. Mwaka 1940, vita ikiwa imepamba moto, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitengeneza magnetroni ya matundu, kifaa kidogo cha kutoa mawimbi makali ya rada. Mwaka uleule Waingereza wakaipeleka Marekani. Kule, katika kampuni ya Raytheon, alikuwepo Percy Spencer, mzaliwa wa Maine mwaka 1894, aliyefiwa na baba angali mdogo, akalelewa na jamaa, akaacha shule kabla hajamaliza madarasa ya msingi na kujisomea mwenyewe mpaka akawa bingwa wa mitambo hiyo. Mwaka 1945, akiwa karibu na magnetroni inayofanya kazi, aligundua pipi iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka. Wengine wangebadili nguo wakaendelea na shughuli. Yeye akaagiza mahindi ya bisi, yakapasuka mbele ya magnetroni. Likaletwa yai, likalipuka. Mwaka huohuo akaomba hataza. Maikrowevu ya kwanza ya kampuni hiyo, ya mwaka 1947, ilikaribia kimo cha mtu mzima na ilikuwa na uzito wa kilo 340 hivi, ikihitaji bomba la maji la kuipoza. Ya kuweka mezani, ambayo mtu wa kawaida wa Marekani angeweza kuifikiria, ilitoka mwaka 1967 kwa dola 495.

“Yatima,” Bibi akasema baada ya kimya. “Yatima asiye na shule, na watu wanakula kwa akili yake.” Akamwombea, kisha akaruhusu mashine ziwashwe.

Kesho yake watoto walidai ushahidi, nami mtoto anayedai ushahidi simnyimi. Tulitoa sahani ya kioo na kigurudumu kinachoizungusha, tukafunika kile kitovu kinachokizungusha kwa bakuli dogo la plastiki lisilogusana nacho, juu yake tukaweka sahani bapa yenye bamba pana la chokoleti, tukawasha ile nyeupe kwa muda mfupi tu. Chokoleti haikuyeyuka yote. Iliyeyuka kwa madoa, na kati ya doa na doa ilikuwa bado kavu, alama za kiwandani zinasomeka. Ndivyo mawimbi yanavyofanya yakirudishwarudishwa na kuta: yanajipanga, mahali fulani yanazidishana, mahali fulani yanafutana. Binti yetu mkubwa alipima kwa rula, Bibi ameshika taa ya simu. Kutoka doa hadi doa, sentimita 6. Hiyo ni nusu ya wimbi. Wimbi zima sentimita 12. Zidisha kwa mitikisiko bilioni 2.45 kwa sekunde, unapata kilomita 294,000 kwa sekunde. Kasi ya mwanga iliyo vitabuni ni kilomita 299,792. Nimefundisha kasi ya mwanga ubaoni kwa chaki miaka na miaka, na sijawahi kuona macho ya mtoto yakifunguka vile. Kisha wakaila chokoleti, madoa kwanza.

Madoa yale ndiyo sababu sahani huzunguka. Zipo maikrowevu zisizo na sahani ya kuzunguka, ambazo huwa na pangaboi la chuma lililofichwa chini ya sakafu au juu darini la kutawanya mawimbi. Zinafaa kwa sinia pana la pembe nne. Zetu zote mbili zilikuwa na sahani ya kuzunguka.

Ramadhani ilipoingia, ndipo imani ya Shemeji ilipoanza kuchanika.

Jambo la kwanza lilikuwa tui. Bibi hukuna nazi, hukamua tui zito mapema na kuliweka kwenye friji, na likitoka huko limeganda juu. Alitaka lipate joto kidogo tu kabla ya kuingia kwenye mihogo. Tukaweka bakuli moja katika nyeupe na jingine katika nyeusi, zote kwa nusu ya nguvu, dakika sawa. Katika nyeupe tui lilikatika: mafuta juu, maji chini, kama uji uliochacha. Katika nyeusi lilitoka laini, limeshikana. Shemeji alisema mashine imeonewa.

Haikuonewa. Alipoitega sikio alisikia mwenyewe: nyeupe hunguruma, kisha hunyamaza huku sahani ikiendelea kuzunguka, kisha hunguruma tena. Ni ya transfoma, lile bonge la chuma na nyaya za shaba linaloifanya iwe nzito upande mmoja ukiibeba. Transfoma haijui nusu. Inajua kuwaka na kuzima. Ukiiomba nusu ya nguvu, inakupa nguvu yote kwa nusu ya muda, na kila inapowaka tui linachemshwa kwa ghadhabu kamili. Nyeusi ni ya inveta: badala ya bonge lile ina saketi ya kielektroniki inayoweza kuipimia magnetroni umeme kidogo, mfululizo. Nusu yake ni nusu kweli. Kwa mtu wa wali wa kupasha tofauti hiyo si kitu. Kwa mtu wa nazi ni kubwa mno, na mimi nasema wazi kwamba jiko la pwani likiwa na uwezo wa kuchagua, lichague inveta.

Nyama ya daku ilikuja kutuonyesha hilohilo kwa sura nyingine. Pande la ng'ombe lililoganda kwenye friza, Shemeji akalitia ndani ya nyeupe kwa nguvu zote, usiku wa manane, sote tuna usingizi. Likatoka kingo zimeiva zina rangi ya kijivu, katikati jiwe la barafu. Barafu haipokei mawimbi vizuri, kwa kuwa molekuli zake zimeshikana mahali pamoja na haziwezi kugeuka. Lakini tone la kwanza likiyeyuka linayapokea kwa pupa, linapata moto, linayeyusha jirani yake, na pembeni panapikika huku kati hapajui kuna nini. Kitufe cha kuyeyushia barafu kipo kwa ajili hiyo: hupunguza nguvu na kuipa nyama nafasi ya kugawana joto. Bibi hakungoja somo. Aliikata nyama vipande vyembamba, akavitandaza pembezoni mwa sahani akaacha katikati wazi, akaweka nguvu ya chini, na daku ikaliwa kabla ya adhana.

Baba Watoto, ambaye ndiye mnunuzi wa LUKU, alikuwa amenyamaza siku zote hizo akiitazama mita. Nikampigia hesabu. Nyeupe inatoa wati 800 kwa chakula lakini inavuta 1,200 kutoka ukutani. Nyingine zinaishia kwenye joto la mashine yenyewe, na ndizo zinazopozwa na feni unayoisikia. Dakika 5 za wati 1,200 ni uniti 0.1. Akauliza na nyeusi. Ikipasha chakula, karibu sawa. Ikigeuzwa tanuri ni jambo jingine, nikamwambia subiri mkate.

Mkate wa kumimina, kwa asiyeujua, ni mchele uliolowekwa na kusagwa na tui, hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, ukamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Uivaji wake ndio mtihani. Bibi huuweka juu ya makaa machache na kupalia mengine juu ya mfuniko, moto chini, moto juu, na hukaa hapo na mwiko wake akiyapunguza na kuyaongeza kwa kusikiliza harufu. Wanawake wa mtaa wetu hupimana kwa rangi ya uso wa mkate huo.

Shemeji alisisitiza nyeupe inaweza. Bibi akampa unga uliokwisha kuumuka, ili isije kusemwa alinyimwa. Aliumimina kwenye bakuli la kioo, ukapanda haraka mpaka sote tukashangaa. Ukatoka mweupe pee, uso wake unyevunyevu, na ulipopoa ukawa mgumu, unavutika. Sababu ni maji yaleyale yanayoleta joto: maadamu yamo, chakula hakipandi sana kupita nyuzi 100, na rangi ya kahawia inataka uso ukauke ufike nyuzi 140 na zaidi. Hewa iliyo ndani ya maikrowevu ya kawaida haina joto la maana. Mvuke unatoka kwenye mkate, unakutana na hewa baridi, unarudi juu ya uso kuwa umande.

Kwa hiyo watengenezaji wakaongeza moto wa kweli. Aina ya grili ina koili darini inayowaka nyekundu. Hiyo huchoma upande unaoitazama, inafaa kwa samaki na mishikaki, lakini chini haina habari. Aina ya tanuri, ambayo ndiyo ya wifi, ina koili na feni nyuma inayozungusha hewa ya nyuzi 200 na zaidi kila upande. Katika hali hiyo magnetroni inaweza kulala kabisa, na hapo ndipo sufuria ya alumini inaruhusiwa, hali ambayo kwenye nyeupe ni haramu. Niliposoma hayo kwenye kijitabu Bibi aliinua mkono.

“Basi hii imepaliwa,” akasema. “Ile nyingine haina makaa juu.”

Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniwekea sura nzima ya kitabu ndani ya maneno machache hivyo. Akaweka sufuria yake kongwe ndani ya nyeusi, hali ya tanuri tu, mawimbi yamezimwa. Akavuta kigoda akakaa mbele ya kioo kile alichokuwa hataki kukikaribia. Ulianza kunukia iliki. Ulipotolewa ulikuwa wa kahawia juu na ubavuni, ukinepa ukiubonyeza na kurudi, na ndani una vishimo vya hamira. Shemeji alikula vipande vingi akiwa hasemi neno. Mita ilikuwa imekula uniti moja au karibu yake, na Baba Watoto akakubali, kwa mkate huo, mara moja kwa juma.

Nyeupe iliendelea na kazi yake ya kupasha, na humo ndimo hatari ilipotokea. Mtu mmoja wa nyumba hii, simtaji, alikuwa na mazoea ya kupasha samaki wa kukaanga bila kufunika. Mafuta yaliruka. Ndani, ukutani upande wa kulia, kuna kipande cha karatasi ngumu inayong'aa, rangi ya maziwa ya kahawa, ambayo wengi huidhani kibandiko cha kiwandani. Ni ulanga, madini yaleyale yaliyochimbwa milima ya Uluguru tangu enzi ya Wajerumani. Ulanga unaruhusu mawimbi kupita, unavumilia moto, na unazuia mvuke na mafuta yasiingie kwenye mfereji wa bati unaotoka kwa magnetroni. Mafuta yakiganda juu yake na kuungua hugeuka kaboni, kaboni inapitisha umeme, na cheche zinaanza. Jioni moja zilianza, za manjano, na nyeupe ikazima yenyewe.

Asubuhi nilimkuta Shemeji sakafuni na bisibisi. Plagi alikuwa ameichomoa, na kwa hilo alijiona salama. Bati la mgongo lilikuwa limeshatoka na kichwa chake kimeinama ndani kutafuta fyuzi. Nilimwambia akae mbali, akanijibu shemeji, umeme umekatwa tangu jana. Nikampigia simu fundi wa vifaa vya umeme mwenye kibanda karibu na soko. Hakunisalimu. “Mwalimu, bati limetolewa? Nani ameingiza mkono? Watoe watu wote jikoni. Nakuja.”

Alikuja na bodaboda, mkoba begani. Alitoa pete yake ya kidole na saa, akavaa glavu, akatuonyesha kwa mbali kopo la bati lililobapa, refu kama kiganja. Kapasita. Transfoma hupandisha volti 230 za ukutani kufika 2,000 hivi, na kapasita pamoja na dayodi huzifikisha karibu 4,000 ambazo magnetroni inazihitaji. Kapasita huweka akiba. Ndani yake huwa na rezista ya kuivuja akiba hiyo mashine ikizimwa, lakini rezista ikifa akiba inabaki, na plagi iliyochomolewa haijui lolote kuhusu akiba. “Mwenzangu tuliyefundishwa naye kazi alishika hapa,” fundi akasema, “hakurudi nyumbani.” Kisha akachukua rezista kubwa yenye nyaya mbili na vishikio vya plastiki, akagusisha vichwa vya kopo, akasubiri, akapima kwa mita, akapima tena. Ndipo akatuita tusogee.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, rangi imemtoka. Bibi alimletea maji, kisha akakumbuka saumu, akayaweka chini akamshika bega. Kwa miezi ile yote mtaa mzima ulikuwa umeogopa chakula kinachotoka mbele ya mashine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutuonya kuhusu mgongo wake.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Fundi alikata ulanga mpya kwa mkasi kufuata umbo la ule wa zamani, akasugua kaboni ukutani, akabadilisha fyuzi. Watoto walipomsihi, akatoa mkobani magnetroni iliyokufa aliyokuwa ameipasua: pete mbili za sumaku, silinda ya shaba iliyogawanywa vyumba pembeni, na katikati uzi mwembamba uliokatika. Uzi ule ukipata moto hutoa elektroni. Volti zinazivuta kwenda kwenye shaba, sumaku zinazipinda zizunguke, na zinapopita midomo ya vile vyumba zinazaa mawimbi. Binti yetu aliishika kwa mikono miwili. Nimeiomba, na sasa imo kabatini kwenye maabara ya shule.

Kabla hajaondoka, fundi alifungua na kufunga mlango wa nyeupe mara kadhaa, sikio limeinama, akihesabu milio. Mlango wa maikrowevu hukaa na swichi zaidi ya moja, zinazobonyezwa na ndoana zake, ili magnetroni isiweze kuwaka mlango ukiwa wazi. Na moja kati ya hizo ipo kwa ajili ya kukata fyuzi makusudi ikiwa nyingine zimekwama. Zote zilikuwa nzima. Akamwambia Shemeji mambo ya kutofanya: kuwasha ikiwa tupu, kuchemsha yai na gamba lake, kuchemsha maji muda mrefu kwenye glasi laini kisha kutia sukari ghafla, kwani maji huweza kupita kiwango cha kuchemka kimyakimya na kufoka usoni yanapoguswa. Shemeji aliyaandika kwenye simu.

Baada ya Idi, nyeupe ilihamia kibandani kwa Shemeji, anakouza vocha na vinywaji, na humo inapasha chapati za wateja zikiwa zimefunikwa kitambaa kibichi. Anawaeleza tofauti ya transfoma na inveta hata wasiouliza. Nyeusi ikabaki kwa Bibi.

Jirani wa nyumba ya pili alipata habari, akaja na yake mikononi. Ndoana ya mlango ilikuwa imevunjika. Alitaka fundi aunganishe swichi moja kwa moja, mlango aufunge kwa mpira wa baiskeli, na alikuwa tayari kulipa. Fundi alikataa, akasema ataagiza ndoana, ikikosekana mashine iishe kazi. Jirani akatugeukia sisi tumsaidie kumshawishi.

“Shoga yangu,” Bibi akamwambia, “usimlazimishe mtoto wa watu. Vitundu vya kioo vina kazi yake na mlango una kazi yake. Kiache hapa. Samaki wako mlete ukitoka sokoni, nitakupashia mimi. Lakini njoo naye amefunikwa.”